Salamu Ingoje Chini

Fundi hakuitikia salamu akiwa juu ya baiskeli. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa njia yetu angekuambia juu yake. Unapanda na ndoo kichwani, yeye anashuka, unamwamkia, "Shikamoo Fundi!" Anapita. Macho mbele, mdomo umefungwa, mikono yote miwili imeshika breki. Akifika chini kwenye tambarare, pale penye mawe mawili makubwa, anasimama, anashusha mguu, anageuka nyuma, ndipo anainua mkono wa kulia na kupaza sauti: "Marahaba! Marahaba mama Kabula!" Wakati huo wewe umeshafika juu na hasira zako.

Mimi majina nayakumbuka yote. Shule sikusoma sana, niliishia la pili, nikaongezea elimu ya watu wazima, lakini majina hayanitoki. Nawakumbuka wote waliopita njia ile, na watoto wao, na hata ng'ombe wa Mzee Ng'wandu waliokuwa na majina. La Fundi nalijua pia. Lakini pale kwetu tulimwita Fundi, na aliondoka kwetu akiwa Fundi, basi nitamwacha hivyo.

Njia yenyewe ilitoka upande wa juu wa Buswelu ikashuka mpaka ziwani. Haikuwa pana. Wanawake wawili wenye ndoo walipishana vizuri, wa tatu alingoja. Asubuhi tulishuka kuteka maji na kufua, ng'ombe wa Ng'wandu walishuka kunywa, watoto wa shule walikatisha kati yetu. Zamani baiskeli zilikuwa chache, unazijua zote na wenyewe. Halafu mambo yakafunguliwa. Maduka ya mjini yakajaa baiskeli za Kichina na za Kihindi, viwanda vya minofu vikataka sangara kila siku, na kila kijana mwenye miguu akafunga tenga kwenye karia akawa mchukuzi wa samaki. Alfajiri walishuka mbio kuwahi mitumbwi, kwa sababu anayechelewa anakuta magari ya viwanda yameshachukua samaki wote. Walishuka na matenga matupu wakiwa na haraka, na sisi tulipanda na maji tukiwa na mzigo. Hapo ndipo Fundi alipopata kazi.

Alitoka kiwandani. Alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, akapunguzwa pamoja na wenzake wengi, akaja na sanduku la mbao na pampu, akakaa kwenye kivuli cha jiwe kubwa pale mteremko unapoanza. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Baada ya mwezi watu waliliita jiwe lile Kwa Fundi.

Baiskeli mpya ilikuja na breki mbili, ya mbele kwa mkono wa kulia, ya nyuma kwa mkono wa kushoto. Vijana walizing'oa. Walisema vyuma vya breki vinagombana na tenga, tena vinapiga kelele. Wakawa wanasimama kwa mguu: unakandamiza tairi kwa kandambili mpaka linakubali. Fundi alichukia jambo hilo kuliko wizi.

"Mguu ni wa kutembelea," aliwaambia.

"Fundi, ukishuka kwa mwendo wako huo wa bibi harusi, utakuta samaki wameshaolewa," alisema Masalu. Masalu alikuwa mchukuzi mrefu, mwenye maneno, na ndiye aliyemtania zaidi.

"Na wewe nitakukuta umeshazikwa. Nitauliza, Masalu yuko wapi? Wataniambia, muulize kandambili."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sikumbuki kumwona akicheka meno yote. Alikuwa na tabia ya kukunja midomo ndani, kama mtu anayeonja kitu.

Mtu akinunua baiskeli, Fundi hakumwachia mpaka amemjaribu. Alichota majivu jikoni kwangu, kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyokuwa karibu na jiwe, akachora mstari kuikata njia katikati ya mteremko. Unatoka juu, unashuka, gurudumu la mbele lisimame kabla ya majivu. Ukiyagusa, unarudi juu unaanza tena. Mhoja, aliyekuwa baba wa watoto wanne wakati huo, alirudishwa mara saba mbele ya mkewe. Mke alikaa kwenye jiwe akimhesabia kwa sauti.

Niliyasikia masomo yale mpaka nikayajua, ingawa mimi sijawahi kupanda baiskeli maishani mwangu. Anza na ya nyuma, halafu ongeza ya mbele polepole, kama unavyokamua ng'ombe asiyekuzoea. Ukiibana ya mbele kwa ghafla unaruka juu ya usukani. Kalia nyuma ya kiti. Tazama unakokwenda, usitazame gurudumu, gurudumu halina habari yoyote. Na maji ya samaki: hilo alilirudia mpaka watu wakawa wanalimalizia wao. Tenga linachuruzika, maji yenye utelezi yanaingia kwenye rimu ya nyuma, raba ya breki inateleza kama sabuni. "Rimu ya samaki haishiki," aliimba Masalu kwa sauti ya Fundi, na wenzake wakaitikia. Lakini niliwaona wakipangusa rimu kwa majivu kabla ya kushuka. Hata Masalu.

Sisi waenda kwa miguu alitufundisha pia. Hilo ndilo liliwashangaza wanawake, kwamba mwanamume atusimamishe na ndoo zetu atueleze namna ya kutembea. Alituambia tupite upande wetu wa kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake, na tukisikia baiskeli inakuja tusiruke.

"Mkiruka, yeye anakwepa mlikokuwa, anawakuta mlikokwenda. Bakini mlipo. Kazi ya kukwepa ni yake, yeye ndiye mwenye breki."

"Na asipokuwa nazo?" aliuliza Limi, jirani yangu, mwanamke asiyeogopa kuuliza.

"Mlete kwangu."

Binti yangu Kabula alilishika somo hilo kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na saba. Baiskeli ikija, sisi wengine tulisitasita na kujikunyata. Yeye alisimama wima kama nguzo, ndoo haitikisiki, baiskeli inapita. Fundi alimwona siku moja akasema, "Huyo ndiye anayejua njia." Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alishuka kwenye baiskeli akawapisha ng'ombe wa Ng'wandu wote mpaka wa mwisho, kofia mkononi, lakini mbuzi aliwatukana. Aliishi hatua chache kutoka ziwani na hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Alipiga kengele hata akiwa anaikokota baiskeli kwa miguu njia ikiwa tupu. Kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo ambako wengine huweka kalamu, aliweka raba ya breki iliyolika mpaka chuma. Ukimuuliza ni ya nani, alisema ni ya mtu, akairudisha mfukoni. Na huyu mtu mpole kwa ng'ombe, aliyeokota vigae njiani ili visitukate, alikuwa anapita mbele ya wanawake wanaomwamkia kama amepita mbele ya vichaka.

Kwetu salamu si kitu kidogo. Mtoto wa kike anapiga goti kwa mkubwa. Mtu aliyekuzidi umri usipomwamkia, wanauliza umelelewa na nani, na yeye asipoitika, watu wanajiuliza umemkosea nini. Mimi nilikuwa mjane. Mjane watu humwangalia salamu zake, nani anaitika na nani haitiki. Nililiweka jambo hilo moyoni, likakaa.

Siku moja nilikwenda pale kwenye jiwe kuna watu wengi, wachukuzi wamekaa wanangoja zamu. Nikamwambia mbele yao, "Fundi, hata mbwa ukimwita anatikisa mkia."

Nilikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Masalu akaziba mdomo kwa kofia.

Fundi aliweka chini kile alichokuwa nacho mkononi. Akasema, bila ukali, "Mama Kabula, mkono wa kulia una breki ya mbele, na hiyo ndiyo inayosimamisha. Mkono wa kushoto hausalimii mtu. Sasa nikiwa nashuka, nikusalimie kwa kitu gani?"

"Si una mdomo!" akasema Limi, na watu wakacheka.

"Mdomo wangu ukiitika, mkono unainuka wenyewe. Nimelelewa hivyo. Nimejaribu kuuzuia, siwezi. Ndiyo maana nafunga vyote. Salamu ingoje chini."

Yalikuwa maelezo mazuri. Niliyaelewa. Niliondoka pale nimeyaelewa kabisa, na bado nilikuwa na hasira, kwa sababu wamecheka, na mimi sikujua wamemcheka nani.

Haikupita wiki mbili. Masalu alikuwa amemletea baiskeli abadilishe raba za mbele. Fundi alizibadilisha, na kama desturi yake akaipanda mwenyewe kuijaribu mteremkoni kabla ya kumrudishia mwenyewe. Breki ya nyuma hakuwa ameigusa, na Masalu alikuwa ametoka kubeba sangara asubuhi ile. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nilikuwa napanda na maji, Kabula nyuma yangu hatua nne, na juu nikamwona Fundi anashuka.

Nilingoja akaribie. Halafu nikasema kwa sauti, "Shikamoo Fundi."

Alinitazama. Hakuwa na kawaida ya kunitazama. Akasema, "Marahaba mama," na mkono wa kulia ukainuka.

Haukuinuka sana. Ulifika usawa wa sikio. Gurudumu la mbele likapanda jiwe dogo, usukani ukageuka upande wetu, akanipita karibu nikasikia harufu ya samaki. Nilisikia breki ya nyuma inalia na haishiki. Kabula hakuruka. Alibaki alipo kama alivyofundishwa. Usukani ulimpiga ubavuni, gurudumu likambana goti kwenye mwamba. Ndoo ilianguka baada yake. Maji yalishuka njia nzima mpaka kwenye mawe mawili.

Hospitalini mjini walimfunga plasta, wakaifungua, wakaifunga tena. Alipona. Goti halikukunjika tena.

Wazee wa kitongoji walikaa siku ya Jumapili baada ya kanisa. Walikuwa watano: Mzee Ng'wandu aliyeongoza, Mzee Lushinge, Mzee Petro Bulayi, Mzee Kulwa wa kisimani, na Mhoja, aliyekuwa mdogo wao na alikuwa akiandika. Fundi alisimama kati yao ameshika kofia.

"Ilikuwaje?" aliuliza Ng'wandu.

"Niliachia breki ya mbele."

"Wewe? Wewe unayewafundisha wenzako?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Niliachia tu, mzee."

Ng'wandu akanigeukia. "Mama Kabula, wewe ulikuwa mbele ya mtoto. Uliona nini?"

Fundi hakunitazama. Alikuwa anaitazama kofia. Nami nikasema, "Nilikuwa na ndoo kichwani. Sikuona vizuri."

Basi. Walimwambia aondoe sanduku lake pale kwenye jiwe na asionekane na baiskeli kwenye njia ile. Aliondoka siku hiyo hiyo jioni, sanduku kwenye karia, akiikokota. Kengele hakuipiga. Tulisikia amehamia Buhongwa, upande wa pili wa mji, barabara ya Shinyanga.

Vijana walichora mstari wa majivu wenyewe kwa siku chache. Kisha mvua ikanyesha na hakuna aliyechora tena. Breki zikaanza kung'olewa. Masalu alivunjika mtulinga kabla ya mwaka kwisha, pale pale, kwa kandambili. Alinijia mkono umefungwa kitambaa, akakaa mlangoni kwangu muda mrefu, akasema, "Huyu mzee tungemwacha tu, mama." Nikampa uji. Nilisema, "Kunywa kabla haujapoa."

Kabula aliolewa Nansio, na Magesa, kijana mpole anayelima mihogo na kuvua kidogo. Siku tuliyompeleka tulivuka kwa meli. Nyumbani kwa mkwe, Mama Perpetua, mama yake Magesa, alikuwa amekaa kwenye mkeka na shangazi zake Magesa wamejipanga pande zake zote. Kabula akasogea, akainamisha kichwa, akaamkia akiwa amesimama. Hawezi vingine. Nikasikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake, na hakupunguza sauti, "Huyu amekuja na kiburi chake kutoka Mwanza."

Ningesema. Nilikuwa nimekaa pale pale. Magesa ndiye aliyesema, "Ana goti bovu, shangazi." Lakini goti bovu unalieleza mara moja, na wageni wanakuja kila siku. Miaka mingi pale Nansio mwanangu alikuwa yule asiyepiga goti.

Hakuwahi kuniuliza. Alikuwa hatua nne nyuma yangu. Masikio yake hayana kasoro.

Ni yeye aliyeniletea habari. Alikuja kunitazama, watoto wake wakubwa sasa, akasema wakati tunachambua mchicha, "Mama, Fundi yu hai. Tumemkuta Buhongwa, Magesa alikwenda kutengeneza baiskeli. Nimemwamkia."

"Ukamwamkia?"

"Nimesimama. Nikamwambia, samahani baba, goti halikunjiki. Akaniangalia akasema, baki hivyo hivyo, mama, baki ulipo."

Akaendelea na mchicha. Baadaye akasema, "Nenda, mama."

Nilifunga michembe kwenye kitambaa, viazi vya kukausha vya msimu ule, nikaenda. Kibanda chake kilikuwa juu ya kilima kando ya njia ya baiskeli na waenda kwa miguu inayoshuka kwenye makazi. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alikuwa amepindua baiskeli kichwa chini, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Nilisimama mbali kidogo. Nilingoja mpaka alipoliachia.

"Shikamoo Fundi."

Alipangusa mikono kwa majivu, wa kulia, kisha wa kushoto. "Marahaba mama Kabula. Karibu. Kaa kwenye hilo tairi, ni safi."

Nilikaa. Nilimpa michembe, akainusa, akakunja midomo ndani kama zamani. Tulizungumza habari za mvua. Nilimtajia waliokufa: Ng'wandu, Lushinge, Bulayi, Kulwa. Kwa kila jina alitikisa kichwa.

Nikasema, "Siku ile mimi ndiye niliyekuamkia."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kwa wazee sikusema."

"Hata mimi sikusema."

"Kwa nini?"

"Niseme nini? Kwamba mama wa mtoto aliniamkia? Kuamkia si kosa. Mkono ulikuwa wangu."

Hapo ningeweza kuinuka nikaenda zangu. Alikuwa amenifungulia mlango. Nikasema, "Nilikuamkia makusudi, Fundi. Nilingoja ukaribie. Nilitaka ushindwe mbele yangu."

Akanyoosha mkono akalizungusha gurudumu lile, tukalitazama wote wawili mpaka likasimama lenyewe.

"Hilo sikulijua," akasema.

Nilidhani ataongeza. Hakuongeza. Mtu alikuja kujaza upepo, akajaza, akaondoka. Mwingine alikuja kuuliza spoku. Nilibaki kwenye tairi. Jua liliposogea alifunga sanduku, akaweka michembe kwenye karia akaikaza kwa mpira, akatoa baiskeli yake. Breki mbili, zote zimefungwa vizuri. Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima. Tulitembea pamoja mpaka mteremko unapoanza, na watu walikuwa wanapanda, wanawake na mizigo yao, upande wao.

Akapanda. Hakuniaga. Akaanza kushuka, polepole, amekalia nyuma ya kiti.

Kwaheri ilikuwa mdomoni mwangu. Wanawake waliokuwa wanapanda walimwamkia, mmoja baada ya mwingine, naye akawapita macho mbele, mikono yote miwili kwenye breki. Mimi nilifunga mdomo. Nilikaa nimeufunga mpaka alipofika chini, akasimama, akashusha mguu.

Alikaa hivyo, mgongo kwangu. Sikujua anafikiria nini. Wanawake wale walikuwa wamenifikia tayari, wakawa wananiuliza huyu mzee ana nini, mbona haitiki. Nikawaambia wangoje.

Ndipo akageuka, akainua mkono wa kulia. Aliuinua juu kabisa, akaitika salamu zao zote. Kisha akauacha pale pale juu, akawa anangoja yangu.